Sufi ya Urusi

Ami Bwanaidi alirudi Langoni na koti zito lisilovalika,
shahada yenye mihuri mitatu
ambayo Nairobi waliitazama kama noti bandia,
na kitabu kimoja cha picha.
Koti lililiwa na nondo. Shahada iliingia sandukuni.
Kitabu nilipewa mimi, wa miaka sita,
nina surua, nimefungiwa ndani.

Herufi zake hakuna aliyezijua.
Nyingine zimetupa kisogo,
moja kama mende aliyelala chali.
Bibi Mwanakuwa alikishika kwa mikono miwili,
akakifungua kutoka kulia,
kama vifunguliwavyo vitabu vyake vyote.
“Paukwa,” akasema.
“Pakawa,” nikajibu, koo likiwasha.

Ndiyo maana hadithi zetu zilianza na arusi.
Meza ndefu, dubu mwenye zumari,
bwana arusi katajika kofia na lulu.
Ukifunua, kofia inavuliwa.
Ukifunua, farasi mwekundu anarudi msituni kinyumenyume,
kijana anamrudishia ndege unyoya wake unaowaka,
anaomba radhi,
anapungua kimo,
hadi ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa wa kwanza:
mtoto kalala juu ya jiko kubwa la udongo,
mamake asokota nyuzi.
“Khatima yao,” Bibi akifunika kitabu,
“wote wakawa wana wadogo, wakalala.”

“Na hii nyeupe, Bibi, kila mahali?”
“Sufi. Nti hiyo mito yao yapasuka.”
Sikuuliza zaidi. Bibi alikuwa mjaza mito,
na msimu wa magodoro ya arusi
chumba chetu kilikuwa vivyo hivyo:
sufi ndani ya zidaka, sufi kwenye kope,
paka akipiga chafya chini ya kitanda.

Katikati ya kitabu palisimama nyumba
yenye maguu ya kuku.
Hapo alisita, yeye mwenye jibu la kila kitu.
Akalamba kidole. Akatazama dari, boriti kwa boriti.
“Mwenyewe kasafiri,” akasema.
“Imechoka kungoja. Yaenda kumtafuta.”
Usiku ule nilisikia kuta zetu
zikikuna kucha chini ya sakafu.

Ami alifanya kazi bohari ya boriti.
Kirusi hakukisema hata siku moja,
ila akihesabu magogo peke yake,
kwa sauti ya chini,
namba zake hazikuwa za kwetu.

Bibi alipokuwa wa kitandani, Ami alikuja
ananuka maganda ya mikoko,
akaomba kitabu, akakifungua kutoka kushoto.
Akasoma. Akafasiri.
Msichana yatima. Ajuza mla watu, meno ya chuma,
ndani ya ile nyumba yetu yenye subira.
Ua wa mafuvu, kila fuvu na taa.
Bibi alisikiliza kwa adabu,
kama mpishi anayefundishwa pilau na mgeni.
Kurasa nane. Kisha:
“Mwanangu, wamekudanganya huko.
Miaka sita! Geuza.”

Ami akageuza.
Akaanza na arusi, kwa kigugumizi,
na koo lake lilipofika kwa kijana arudishaye unyoya
lilikwama kidogo, akakohoa, akaendelea.
Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji.
Sikumbuki kama Bibi alilala kabla ya jiko
au baada.

Juzi Mwanakheri, bintiangu, alirudi na daftari.
Kachora nyumba ya kwetu: daka, baraza mbili,
mlango wa nakshi, kila ua na petali zake,
na maguu ya kuku, makubwa, yenye matope.
Punda mbele amejaa vitone vyeupe.
Mwalimu kazungushia duara kwa wino mwekundu:
“Lamu? Hii theluji imetoka wapi?”

Nikaazima kalamu nyekundu kwa jirani,
nikaandika chini yake:
Mto umepasuka.